Mwano wa Karatasi

Watu wakisikia nina steshenari Mikumi wanadhani kazi yangu ni kutoa kopi. Kazi yangu hasa ni kusikiliza waliopotelewa. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, leseni, TIN za biashara: kila wiki mtu anasimama mbele ya kaunta yangu, hatua chache kutoka stendi, ananisimulia karatasi kwa sauti ya msiba. Wengi nawatania mpaka wanacheka. Mimi Vaileth ni Mvidunda wa mlimani, mdomo wangu haukuumbwa kwa kufungwa, na mdomo huohuo umo ndani ya habari ya Coletha Shigela. Nitaisema yote, hata pale inaponivua nguo.

Coletha ni Msukuma wa Maswa, amepita hamsini, mrefu, ana mabega ya mtu aliyebeba magunia tangu hajavunja ungo. Baba yake alihama na ng'ombe wakashuka mpaka bonde la Usangu, wakaondolewa huko, wakaingia Kilosa na nusu ya mifugo waliyotoka nayo. Walipiga kambi upande wa Kilangali, karibu na shamba la mbegu la serikali, wakalima vibarua kwanza, halafu wakapata mashamba yao. Coletha aliolewa hapohapo na mwanaume mpigaji. Alipigwa miaka sita. Mwaka wa saba alimvunja mume wake mkono kwa mchi wa kinu, akamchemshia maji ya kumkandia, kisha akamwambia achague moja, akae bila kupiga au aondoke. Mwanaume akaondoka, na nasikia mkono ulipona vizuri.

Sisemi haya ili mumpende. Hakuwa mpole na hakutaka kuwa. Alipouza ng'ombe wake wa mwisho akanunua mashine ya kukoboa mpunga, wanaume wa kijiji walisema mashine ya mwanamke itakoboa mawe. Mmoja akaenda kumwibia dizeli kwenye injini. Coletha alimkamata, akamfunga kwenye nguzo ya banda kwa kamba ya katani, akaendelea kukoboa mchana kutwa huku mtu amefungwa pale, vumbi la pumba likimwangukia kichwani, mpaka ndugu zake walipokuja kumwombea msamaha. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa dizeli, na mpunga ulianza kuja hata kutoka vijiji vya mbali.

Siku aliyopata TIN, namba ya mlipakodi, alikuja kwangu moja kwa moja kutoka Kilosa, vidole bado vina wino wa kitu alichosaini. Mchele wake alikuwa anauzia hoteli za hapa barabara kuu, kwa hiyo tulijuana. Aliiweka ile karatasi juu ya kaunta kwa mikono miwili. Namba alikwisha kuikariri, tarakimu zote tisa, akanitajia kwa Kisukuma, mojamoja, jinsi baba yake alivyokuwa akihesabu ng'ombe wakiingia zizini. Alikuwa mwanamke wa kwanza kwenye ukoo wao kuandikwa na serikali kwa jina lake na siyo kwa la mume.

Nikamwambia, "Mama Coletha, hii tuipige plastiki. Na folda ngumu uchukue. Ukiipoteza hii, mashine umeipoteza. Wanakuja wanaifunga na utepe, unabaki unaiangalia."

Nilisema hivyo ili aninunulie folda. Ni uongo wa biashara ambao nilikuwa nimewaambia watu wengi. Wengi walikuwa wananijibu, "Acha zako, Vaileth."  Yeye alinunua folda ya kijani yenye kifungo, akaiweka ndani ya blauzi, akaondoka akiwa ameishika kifuani.

Sasa lazima niwaeleze kitu cha kwao, maana bila hicho hamtaelewa. Wasukuma wana yowe lao la hatari, wanaliita mwano. Mwano ukipigwa, kila mwanaume anatoka na alichonacho mkononi, fimbo, panga, mkuki. Hakuna anayeuliza kuna nini. Unakimbia kwanza, kuuliza ni baadaye, na asiyetoka anatengwa na kijiji kizima, hata moto hapewi. Walipokuwa Maswa mwano ulipigwa kwa vitu vitatu, ng'ombe walioibwa, mtu aliyeuawa, na nyumba inayowaka. Waliuleta huku kama walivyoleta ng'ombe. Na ukishapigwa haurudishwi. Hata aliyeupiga hana mamlaka nao tena.

Coletha aliupiga kwa ajili ya karatasi.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tisa, jua kali, nyasi zimekauka. Wiki hiyo mtendaji wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu maafisa wa biashara kutoka halmashauri watapita kukagua mashine zote, kila mwenye mashine awe na leseni na TIN yake tayari. Asubuhi Coletha alitoa folda, akaiangalia, akaiweka juu ya rundo la magunia yaliyo wazi pale anaposhonea. Alikuwa peke yake. Saa nne akaja Parit.

Parit ni kijana wa Kimaasai mwenye mke na mtoto mmoja, boma lake lipo ng'ambo ya korongo, mwendo wa saa moja kwa miguu. Kiangazi anakuja kununua pumba laini za kulishia ndama. Mwaka uliotangulia ng'ombe wake waliingia kwenye mpunga wa Coletha, na Coletha alimkata mmoja mguu kwa panga mpaka ikabidi achinjwe. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakayamaliza. Hawakupendana baada ya hapo ila waliuziana, na kwetu huku hiyo inatosha.

Siku hiyo Coletha alimjazia viroba vitano, akavishona mwenyewe kwa sindano ya magunia, Parit akavipakia kwa punda wake, akaondoka. Hawakugombana. Hawakuzungumza zaidi ya habari za malisho.

Saa nane Coletha akaitafuta folda hakuiona. Aliyapindua magunia. Aliingia chini ya injini, akatoka mweusi kwa grisi. Aliwatoa kuku waliotamia. Alitafuta tena palepale alipokwisha kutafuta, na kila alipofumba macho, hivi ndivyo alivyokuja kuniambia mwenyewe, aliona utepe umezungushwa kwenye mashine yake na mimi nimesimama pembeni. Halafu akajiuliza nani aliingia bandani leo. Jibu lilikuwa moja tu. Akamkumbuka yule ng'ombe aliyemkata mguu, akasema moyoni, amesubiri mwaka mzima.

Akatoka nje, akasimama pale watu wanapoanikia mpunga, akapiga mwano.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa Coletha, kwa Nashipai ambaye ni mke wa Parit, na kwa mashahidi mahakamani. Pale wanapopingana nimemwamini Nashipai.

Walitoka wanaume kama thelathini. Anayewaongoza ni Budeba, kaka yake Coletha, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, mtu wa kanisani, mwimba kwaya wa sauti ya nne. Budeba alimkuta dada yake anaelekeza kidole ng'ambo ya korongo na kusema, "Parit. Ameniibia." Hakuuliza ameiba nini. Alipuliza filimbi yake na kundi likashuka korongoni linakimbia. Wengine walifika kwa Parit hawajui kama wanafuata ng'ombe au maiti.

Parit alikuwa anakamua maziwa. Aliwaona, akasimama na kibuyu mkononi. Budeba alimpiga fimbo ya kwanza kichwani kabla hajasema neno, kibuyu kikaanguka. Fimbo zikawa nyingi. Alijikunja akafunika kichwa kwa mikono, wakapiga mikono. Mtu mmoja, mpaka leo hajafungwa na mimi namjua, alimkanyaga shingo ili wengine wapige vizuri. Hapo ndipo Budeba alipouliza, "Umeiba nini kwa dada yangu?" Nafikiri ni swali la ajabu kuliko yote niliyowahi kusikia mahakamani. Mtu anatapika damu, anaulizwa na anayempiga kosa lake ni nini.

Coletha ni mzito, alifika nyuma. Alipenya katikati yao anahema, akasema, "Karatasi yangu. Mwambieni atoe karatasi yangu."

Parit akasema, "Karatasi gani, mama?"

Kila aliposema "karatasi gani" alipigwa. Akaacha kusema hivyo, akasema hana. Akapigwa. Akasema anayo, yupo tayari kuitoa, wamwache. Wakamwinua aonyeshe ilipo, na kwa kuwa hakujua ilipo alibaki ameyumba pale anaangalia huku na huku, damu imemziba jicho. Kijana mmoja akaona amewachezea. Alimkata panga mkono wa kulia juu ya kiwiko, mara mbili, na ya pili ikafika mfupani ikanasa. Ilibidi amkanyage begani ndipo alitoe panga lake.

Nashipai alitoka nyumbani na mtoto mgongoni, akamlalia mume wake. Walimpiga naye. Fimbo moja ilimvunja meno mawili ya mbele. Aliwaambia kwa Kimaasai kisha kwa Kiswahili kwamba mtoto yupo mgongoni, na hapo wengine wakarudi nyuma. Wachache hawakurudi. Wakachoma nyumba. Ni nyumba ya udongo na samadi, paa la nyasi, iliwaka haraka, na viroba vitano vya pumba vilikuwa vimepangwa ndani ukutani.

Nilimuuliza Coletha, wewe ulifanya nini muda huo. Ni swali ambalo ningependa nisingeliuliza.

"Nilimpiga teke," alisema. "Mbavuni. Mara mbili. La pili nilisikia kitu kimelia."

Ijumaa asubuhi, naagiza chai, Coletha akaingia dukani kwangu. Hapo mimi sijui lolote. Mjini kulikuwa na habari kwamba Mmasai amekatwakatwa huko vijijini na ameletwa hospitali ya hapa usiku, ila habari za namna hiyo kwetu siyo ngeni, mkulima na mfugaji wamechinjana wilaya hii tangu nina akili. Nilimwona amevaa vizuri, kitenge kipya, macho mekundu.

"Vaileth mwanangu," alisema, "nimepoteza TIN. Nifanyeje, na Jumatatu wanakuja?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Shikamoo kwanza, mama. Si unaenda tu Kilosa? Unapita polisi unachukua karatasi ya upotevu, unaingia ofisi ya kodi wanakutolea nyingine. Namba haipotei. Namba ipo kwao kwenye kompyuta, kilichopotea ni karatasi."

Hakuitikia shikamoo.  Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Twende wote. Mimi siamini."

Niliona ni mama wa watu amepata hofu ya maafisa. Nikafunga duka, tukapata lori lililokuwa linarudi Kilosa tupu.  Polisi walimuuliza imepoteaje, akasema imepotea bandani, hajui. Wakamwandikia. Ofisi ya kodi tulipokelewa na dada mmoja anaitwa Oliver, mstaarabu, amesuka vizuri, akatukaribisha viti.

"Namba unaikumbuka, mama?"

Coletha aliitaja. Tarakimu tisa, taratibu, safari hii kwa Kiswahili. Oliver aliandika, akageuza kioo kuelekea kwetu, na pale palikuwa na jina lake zima, kijiji chake, biashara yake, na picha yake amekaza uso. Alimwomba aweke kidole kwenye kimashine. Kikawaka kijani. Mashine ya kuchapa ikatoa karatasi, na Oliver akaigonga muhuri.

"Tayari, mama. Kuna shida nyingine?"

Sikuwa nimemaliza hata soda niliyoingia nayo.

Tulitoka nje, tukafika kwenye kivuli cha ukuta wa jengo, na Coletha akanipiga kofi. Siyo kofi la mzaha. Lilinigeuza shingo, sikio likawa linapiga mluzi. Kabla sijajua, amenishika nywele na anasema, "Ulisema mashine nimeipoteza. Ulisema watafunga na utepe. Wewe, wewe ndiye uliyesema." Mimi nami sikutotolewa kwenye yai. Nilimng'ata mkono, nikamkwangua shingo, tukaanguka wote kwenye vumbi mbele ya ofisi ya serikali, wanawake wawili wazima, vitenge vimetufunguka, na mlinzi anasema, "Akina mama, akina mama." Alikuwa na nguvu zaidi yangu. Alinikalia kifuani akaninyanyulia ngumi, na mimi nikafunika uso nikingoja. Ngumi haikushuka. Nilipotoa mikono nikamwona analia mdomo wazi bila sauti.

"Kuna mtoto wa watu yupo hospitali kwenu Mikumi," alisema. "Mkono wake wamemkata kwa ajili ya hii."

Karatasi mpya ilikuwa imelala pembeni kwenye vumbi. Niliiokota mimi.

Jumatatu maafisa walifika. Walikuwa wawili, kijana na mama mmoja mnene mcheshi. Waliangalia leseni, wakaangalia TIN, wakaandika kwenye daftari, wakamsifu kwa usafi wa banda, wakaenda. Aliniambia hawakukaa hata muda wa chai kuchemka. Alikuwa bado amesimama mlangoni na karatasi mkononi alipomwona Nashipai anapanda kutoka korongoni na kitu kichwani.

Pumba za mpunga haziwaki zikaisha. Zinafuka. Zinaweza kufuka siku nne, tano, moto unakula taratibu kutoka nje kuingia ndani. Nashipai alikuwa amerudi kwenye majivu ya nyumba yake kutafuta chochote kilichobaki, sufuria, shanga, akavikuta viroba bado vinatoa moshi. Vinne vimekwisha. Cha tano, kilichokuwa chini kabisa, kimebaki upande mmoja. Akakimwagia maji, akakivuta, na ndani ya pumba akaona kijani.

Alikipandisha kile kipande cha kiroba juu ya mzani wa Coletha. Hakusalimia. Mdomo ulikuwa bado umevimba. Folda ilikuwa imeyeyuka nusu, lakini kona ya karatasi iliyopigwa plastiki ilionekana, na jina "Shigela" linasomeka. Coletha hakuangalia jina. Aliangalia mdomo wa kiroba. Ulikuwa bado umeshonwa, na mshono ulikuwa wake. Kila mwenye mashine ana mshono wake. Wa Coletha ni wa kurudia mara mbili, na mwisho anafunga mafundo matatu. Mafundo yote matatu yalikuwepo. Folda ilidondoka kutoka kwenye rundo ikaingia kwenye kiroba kilicho wazi, naye akaijazia pumba juu yake, akaishona ndani kwa mkono wake, akamkabidhi Parit abebe.

"Hatukukifungua," alisema Nashipai. "Tulikuwa tunaanza na vya juu."

Kisha akarudi alikotokea, na kipande cha kiroba akakiacha kwenye mzani.

Polisi walikuwa wamekwisha pita kijijini mara mbili na kurudi mikono mitupu. Wanaume thelathini na hakuna aliyekuwepo. Huyu alikuwa shamba, yule alikuwa msibani, na Budeba alikuwa mazoezi ya kwaya. Hivyo ndivyo inavyokuwa. Sungusungu wanakula kiapo, na aliyetoa jina la mwenzake ni bora angeiba ng'ombe. Jumanne Coletha alipanda bodaboda mpaka kituo cha polisi na kile kiroba kilichoungua kikiwa mapajani. Akataja majina kumi na moja. La kwanza lilikuwa la kwake. La pili la kaka yake, tumbo moja.

Budeba alipata miaka saba. Kijana wa panga alipata zaidi. Wengine waliachiwa kwa kukosa ushahidi, akiwemo yule aliyekanyaga shingo, na nikikutana naye stendi huwa natema mate chini, naye anajua. Coletha alipewa kifungo cha nje, mwaka mmoja wa kufagia zahanati, kwa kuwa alijileta. Siku ya hukumu mama yao, bibi wa miaka themanini, alitolewa nje ya mahakama amebebwa. Alipopita mbele ya Coletha alimwambia neno moja kwa Kisukuma. Nilimwomba Coletha anitafsirie, akakataa.

Na kijiji kikamtenga. Hawakumpiga, hawakumtukana. Waliacha tu kuleta mpunga. Msimu wa mavuno ulikuja, baiskeli na matrekta ya mkono yalipita mbele ya banda lake yamejaa magunia, yakaenda kukoboa kwa mtu mwingine, mbali, kwa mashine mbovu inayovunja mchele wote kuwa chenga. Afadhali chenga. Mtoto akitumwa kwake kuomba moto anarudishwa njiani. Msiba ukitokea anasikia ngoma, hasikii mtu wa kumwambia nani amekufa. Kila asubuhi alikuwa anawasha injini kwa nusu saa ili isishike kutu, kisha anaizima.

TIN yake ilikuwa hai, haikuwa na doa. Na TIN hai inadai taarifa za mapato kila zinapotakiwa, uwe umeuza au hujauza. Kwa hiyo alikuwa anakuja kwangu nimjazie kwenye kompyuta. Tulikuwa hatuna mazungumzo marefu. Nilikuwa nasoma swali, yeye anajibu. Mauzo? Sifuri. Manunuzi? Sifuri. Nilikuwa simtozi na yeye alikuwa hanishukuru, na hilo nililiona ni haki.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuwa amekaa kwenye benchi langu anasubiri mtandao urudi, mlango ukazibwa na mtu mrefu. Alikuwa Parit. Jicho moja limezama kidogo. Mkono wa kulia upo, madaktari waliuokoa, ila umekauka, unaning'inia ndani ya shuka. Nilimwona Coletha anajivuta kwenye kona ya benchi, jinsi alivyo mkubwa, kana kwamba angeweza kuingia ukutani.

Parit alimwona. Akainamisha kichwa kidogo, jinsi kijana anavyotakiwa kumfanyia mtu wa umri wa mama yake.

"Shikamoo, mama."

Nimeitikia shikamoo maisha yangu yote bila kufikiri, ni neno jepesi kuliko yote. Coletha alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Parit akangoja. Gari lilipita barabarani, likafuata jingine, na bado anangoja, maana kwetu salamu isiyoitikiwa haiachwi hivihivi. Mwishowe Coletha alisema, "Mimi usiniamkie, baba. Usiniamkie mimi."

"Wewe ni mkubwa kwangu," alisema Parit. Akanigeukia mimi.

Alitaka TIN. Kuchunga hakuwezi tena kwa mkono mmoja, wala kukamua. Nashipai alikuwa amemshauri afungue biashara ndogo ya kuwauzia wafugaji wenzake chakula cha ndama kiangazi. Nikamuuliza aina ya biashara niandikeje.

"Pumba," alisema. Kisha, bila kumtazama, akamuuliza Coletha, "Kwako zipo?"

"Hazipo," alisema Coletha. "Hakuna anayeleta mpunga."

Parit alitikisa kichwa polepole. Sijui kama alikuwa anajua sababu. Nafikiri alijua, kijiji kizima kinajua, na ng'ombe hawapiti njia moja na watu bila kusikia habari zao. Nilimaliza fomu, nikaichapa, nikamwonyesha pa kusaini, nikampa kalamu.

Aliishika kwa mkono wa kushoto. Alipogusa karatasi, karatasi iliteleza juu ya kioo cha kaunta. Akajaribu tena, ikateleza tena. Coletha alinyanyuka kwenye benchi, akasogea, akanyoosha kiganja chake kikubwa akakiweka juu ya kona ya fomu, kuishikilia.

Parit aliacha kuandika.  Alikiangalia kile kiganja, na akaendelea kukiangalia, mpaka Coletha akaelewa akakiondoa. Ndipo Parit alipoweka kalamu chini, akaunyanyua mkono wake mkavu kwa ule mzima, akaulaza juu ya karatasi uikandamize, akachukua kalamu akasaini. Ilimchukua muda. Herufi zilikuwa kubwa na zimepinda, ila jina lilisomeka lote.

Nikampa nakala yake. Alipotoka, Coletha alibaki amesimama pale kwenye kaunta, mikono ameificha ndani ya kitenge.

"Mtandao umerudi?" aliniuliza.

"Umerudi."

"Basi niandikie na mimi," alisema. "Sifuri."